Nilichokiona Ndani ya Kaseti Bandia

Bila shaka umewahi kuusikia msemo usemao kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Darasani huwa tunaufafanua kwa kumtaja mtu mwenye sura ya kupendeza na tabia ya kuchukiza. Leo nataka kuutumia kwa kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto, nacho ni kaseti ya gemu. Nimeifungua, nimeichungulia kwa kioo cha kukuza, na nimeihoji hadi chipu iliyomo ndani ikanitajia jina lake. Niliyoyapata humo yalimwondolea lawama mtoto wa miaka tisa, ndiposa nimeona heri niyaandike ili nawe uyajue.

Kwanza tuelewane. Kaseti ninayoizungumzia si ile ya muziki yenye utepe. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoitoa Game Boy mwaka 1989, kila gemu iliuzwa ndani ya kikasha cha plastiki chenye bodi ndogo ya chipu. Ukitaka kubadilisha gemu, unachomoa kikasha hiki na kuchomeka kingine. Mwaka 2001 ikaja Game Boy Advance, na mwaka 2003 ikafuata ile inayokunjwa kama kitabu, iitwayo Game Boy Advance SP. Vikasha hivyo ndivyo sisi vijana tunavyoviita kaseti. Vitu hivi havitengenezwi tena siku hizi, lakini vingali vinauzwa vikiwa vimetumika. Palipo na wanunuzi, waigaji nao hawakosi.

Sasa nianze kisa chenyewe. Dada yetu mkubwa anafanya kazi Qatar. Alipokuja likizo Desemba 2023, alimletea kitinda mimba wetu SP moja pamoja na kaseti ya Pokémon Emerald. Alivinunua huko kwa muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika, naye akaambiwa kwa kiapo kwamba kila kitu ni halisi. Mdogo wangu alifurahi ajabu! Mama akaweka sheria: nusu saa kila jioni, tena baada ya kumaliza kazi ya shule. Mtoto akaitii. Kila jioni alisonga mbele kidogo, akahifadhi mchezo wake, akaufunika mtambo na kwenda kulala. Kufikia Agosti 2024 alikuwa amebakiza kupambana na mabingwa wanne wa mwisho tu.

Jioni moja akawasha, akakuta mchezo unamwambia aanze upya. Kazi ya miezi minane ilikuwa imetoweka. Alilia kama aliyefiwa. Mama alipokuja na kusikia, hasira zikampanda.

"Umeitia maji hii!" akasema. "Dadako anatoa jasho Uarabuni, wewe unachezea pesa yake!"

"Mama, sijaitia maji. Haki ya Mungu sijaiangusha hata siku moja."

"Kwani ilijiharibu yenyewe? Leta hapa."

Mtambo ukafungiwa kabatini. Hilo lingevumilika. Lililomuumiza zaidi ni kwamba habari zilimfikia dada kwa simu, na nyumbani akaanza kuitwa Mharibifu. Kikombe kikivunjika, anaulizwa yeye. Redio ikikoroma, anatazamwa yeye. Nilimwona akipungua siku baada ya siku, hata akawa hataki kuguza kitu chochote cha mtu mwingine. Mtoto akiitwa mwizi kila siku huishia kuamini, na nilihofia kuwa huyu naye angeliamini jina alilopewa.

Kulikuwa na jambo moja lililonitia shaka tangu mwanzo. Siku ileile ya kwanza kaseti ilipochomekwa, kabla mtoto hajacheza hata dakika moja, iliandika kwenye kioo kwamba betri yake ya ndani imekwisha. Betri ya mtambo ilikuwa imejaa chaji. Sasa betri gani hii iliyokwisha? Nikamwomba Mama ruhusa niipeleke kaseti kwa Mjomba.

Mjomba wangu ni fundi wa simu mjini Thika. Kibanda chake ni kidogo, lakini kina chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, kioo cha kukuza chenye taa, na kisomaji cha kaseti alichoagiza kutoka ng'ambo, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Nilipomweleza kisa, alicheka kidogo kisha akanyamaza.

"Mpwa wangu," akasema, "usiulize nani ameiharibu. Uliza kwanza hii ni kitu gani."

Akatoa kabatini kaseti yake mwenyewe ya Pokémon Sapphire, ambayo ni halisi, akaziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu. Kwa macho ya kawaida zilikuwa kama ndugu, ile ya kwake samawati na yetu kijani, zote za plastiki inayopenyeza mwanga. Akanionyesha lebo. Lebo ya halisi ina nambari ndogo iliyogandamizwa juu ya karatasi bila wino, ambayo huonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Yetu haikuwa nayo. Kisha akanionyesha ukingo wa chini, penye meno ya shaba. Kwenye ile halisi, juu kidogo ya meno hayo, bodi imechapwa jina la Nintendo. Yetu ilikuwa tupu.

"Basi ni bandia!" nikasema.

"Pole pole. Lebo na maandishi yanaweza kuigizwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Tuingie ndani."

Skrubu yake ilikuwa ya mabawa matatu, sawasawa na ya kaseti halisi, kwa hiyo hiyo haikutuambia kitu. Mjomba akaifungua kwa bisibisi yake maalum na kifuniko kikatoka.

Msomaji, kabla ya kukueleza tulichokiona, yafaa ujue kile tulichotarajia kukiona. Emerald halisi ina chipu kubwa ya ROM ambayo gemu yenyewe imechorwa humo kiwandani. Haiwezi kufutwa wala kuandikwa upya. Ina chipu ya pili, kumbukumbu ya aina ya flashi yenye kilobaiti 128, ambamo mchezo wa mtoto huhifadhiwa. Flashi haihitaji umeme ili kukumbuka. Ina vilevile saa ndogo pamoja na fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawa nambari hiyo kwa mbili mara 15 unapata moja, na hivyo ndivyo saa inavyohesabu sekunde. Betri ya duara iliyomo ni ya kuendesha saa hiyo tu. Betri ikifa, matunda yanayopandwa mchezoni hayakui tena, lakini mchezo uliohifadhiwa haupotei ng'o!

Shika jambo hilo, maana ndilo kiini cha kesi yetu.

Ndani ya kaseti yetu hapakuwa na fuwele wala chipu ya saa. Kumbe ndiyo maana gemu ililalamika tangu siku ya kwanza: iliitafuta saa, haikuiona, ikadhani betri imekufa. Lakini cha ajabu, betri ilikuwapo. Ilikuwa imelehemewa pembeni, na nyaya zake hazikuelekea kwenye saa yoyote. Zilielekea kwenye chipu ndogo yenye miguu mingi. Mjomba akaisoma nambari yake kwa kioo cha kukuza, akaitafuta kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Hii ni SRAM," akasema. "Kumbukumbu ya kulishwa. Ina akili nzuri sana, lakini ukiikatia umeme sekunde moja, inasahau hata jina la mamake."

Walioiiga gemu hii walikuwa wamefanya ujanja. Chipu ya flashi ya kuhifadhia waliiacha, wakaingia ndani ya programu ya gemu na kuibadilisha, ili popote ilipoagizwa kuandika kwenye flashi, iandike kwenye SRAM. Halafu wakaweka betri ya kuilisha SRAM hiyo mtambo unapozimwa. Kwa hiyo miezi minane ya mdogo wangu ilikuwa ikining'inia kwenye betri moja ndogo kama kifungo cha koti. Mjomba akaweka mita. Betri ya namna hiyo ikiwa nzima hutoa volti 3. Mita ikasoma 0.9.

Nilihisi kama wakili aliyepata shahidi. Lakini Mjomba hakuridhika. Alitaka kujua gemu yenyewe imekaa wapi.

Palikuwa na chipu kubwa iliyoandikwa nambari yenye 29LV128. Mjomba akanifundisha kusoma majina kama hayo. Tarakimu 29 ni ukoo wa chipu nyingi za flashi. LV humaanisha kwamba inatumia volti ndogo, yaani takriban 3. Tarakimu 128 ni ukubwa wake kwa megabiti. Gawa kwa nane, upate megabaiti 16, na huo ndio ukubwa hasa wa gemu ya Emerald. Kwa hiyo mahali pa ROM iliyochorwa kiwandani palikuwa na chipu inayoweza kufutwa na kuandikwa na mtu yeyote mwenye kifaa.

Kando yake palikuwa na chipu nyingine ndogo isiyokuwa na jina. Hii nayo ilinishangaza. Game Boy Advance ina meno 32 tu ya kuzungumza na kaseti, kwa hiyo nyaya 16 zinafanya kazi mbili: kwanza zinataja anwani ya kile kinachotakiwa, halafu nyaya zizo hizo zinaleta jibu. Chipu halisi ya Nintendo imezaliwa ikiijua lugha hiyo. Chipu za kawaida za sokoni haziijui, kwani zenyewe hutaka anwani ipite njia yake na jibu lipite njia yake. Hiyo chipu isiyo na jina ilikuwa mkalimani. Inasikiliza anwani, inaikumbuka, inamnong'onezea flashi, kisha inaliachia jibu lipite. Ukiona mkalimani ndani ya kaseti, ujue kwamba wenyeji wa nyumba hawazungumzi lugha moja na mgeni.

Baada ya hapo Mjomba alichomeka bodi kwenye kisomaji, akaniambia, "Sasa tuiulize jina."

Watengenezaji wengi wa flashi wamekubaliana juu ya swali moja. Ukiiandikia chipu nambari 98, kwa hesabu ya kumi na sita, kwenye anwani 55, inatakiwa iache kazi yake na kujitambulisha. Hutanguliza herufi tatu, Q, R na Y, halafu ikaeleza ukubwa wake na jinsi inavyofutwa. ROM halisi ya Nintendo haijibu kitu. Inaendelea kutoa gemu kana kwamba haijasikia, kwa sababu haikuumbwa kuandikiwa. Tulianza na Sapphire ya Mjomba, ikanyamaza. Tukaiuliza yetu.

Ikajibu: R, Q, Z.

Nikadhani kisomaji kimeharibika. Mjomba akacheka hadi akakohoa. Akachukua kalamu na kipande cha gazeti, akaniandikia. Kompyuta huiandika kila herufi kwa tarakimu nane za sifuri na moja. Q ni 01010001. R ni 01010010. Y ni 01011001.

"Chukua tarakimu mbili za mwisho upande wa kulia," akasema, "uzibadilishane nafasi."

Nikafanya. Q ikawa 01010010, ambayo ni R. R ikawa 01010001, ambayo ni Q. Y ikawa 01011010, na hiyo ni Z. Lo! Nilipigwa na butwaa. Aliyeichora bodi ile alikuwa amezivusha nyaya mbili, ya kwanza ikaenda mahali pa pili na ya pili mahali pa kwanza.

Huenda ukauliza, kama nyaya zimevuka, gemu ilichezekaje miezi minane? Jibu ni rahisi. Gemu iliandikwa kupitia nyaya zizo hizo zilizovuka, na ikasomwa kupitia nyaya zizo hizo. Kilichopindwa mara mbili hunyooka. Lakini jina la chipu halikuandikwa na mwigaji. Chipu ilitoka nalo kiwandani kwake, kwa hiyo likipita njia iliyopinda hutoka limepinda. Yale aliyoyaandika kwa mkono wake aliweza kuyanyoosha, ila lile ambalo chipu ilizaliwa nalo likamfichua. Waama, njia ya mwongo ni fupi.

Jumamosi iliyofuata Mjomba alifika nyumbani kwetu na mkoba wake. Mama alikuwa bado ana kinyongo.

"Kaka, usinidanganye kwa sababu ni mpwa wako," akasema.

"Sitakwambia kitu, dada. Utajionea."

Alikuwa ameng'oa betri iliyokufa na kulehemu nyingine mpya. Akamwita mdogo wangu, akamwambia aanze mchezo, acheze kidogo, ahifadhi. Mtoto akafanya huku mikono ikimtetemeka. Mtambo ukazimwa, kaseti ikachomolewa, tukanywa chai. Ikarudishwa, na mchezo ukawapo. Kisha Mjomba akachomoa kaseti tena, akaifungua mbele ya Mama, akaitenga betri kwa chuma chake cha kulehemu na kusubiri kidogo. Akairudisha kwenye mtambo. Mchezo ulikuwa umetoweka, na kioo kikamtaka mtu aanze upya, vilevile kama siku ile ya kilio.

Halafu akachukua Sapphire yake, ambayo alikuwa ameing'oa betri kabisa. Akaiwasha. Mchezo wake wa miaka mingi ukatokea vizuri, bila hata kutetereka.

Mama alitazama kaseti mbili zile, akamtazama mtoto. "Kumbe haukuwa mkono wako," akasema kwa sauti ya chini. "Njoo hapa, baba. Mama alikosea." Tangu siku hiyo jina la Mharibifu halijasikika nyumbani mwetu.

Likabaki swali moja gumu. Je, dada aambiwe kwamba zawadi aliyoinunua kwa jasho lake ni bandia? Mimi nilitaka tunyamaze ili asiumie. Mama akakataa. Alisema tukimficha, kesho atanunua nyingine kwa mtu yuleyule, na tena mtoto wa watu mwingine atapigwa bure. Tukampigia. Dada alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza jambo moja tu: "Na yeye mtoto yuko sawa?" Tulipomwambia yuko sawa, akasema basi, na akatuomba tumtumie picha za bodi ili naye ajue cha kutazama.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, lakini nilikuwa nimekwisha kuonja asali. Likizo ile niliomba kuzitazama kaseti nyingine zilizoletwa kwa Mjomba na wateja waliokubali zifunguliwe. Ya kwanza ilikuwa ya Game Boy Advance pia, na chipu yake ilikuwa bapa, ya mraba, bila miguu inayoonekana. Nambari yake ilianza na M36L0R7050. Tulipoitafuta tukakuta ni chipu mbili ndani ya ganda moja, flashi ya megabiti 128 na kumbukumbu ya muda ya megabiti 32, zilizotengenezewa simu za mkononi! Isitoshe, ni chipu ya volti 1.8 ilhali kaseti ya Advance hupewa volti 3.3, kwa hiyo ilibidi mtu afikirie jinsi ya kuzipatanisha. Mjomba, ambaye amefungua simu nyingi maishani mwake, alifurahi kama aliyekutana na jamaa wa kijijini katika mji wa mbali.

Ya pili ilikuwa ya Game Boy Color. Hii ilikuwa na tone jeusi la gundi ngumu mahali ambapo chipu ingekuwa. Chini ya tone hilo chipu imebandikwa uchi juu ya bodi, bila ganda wala nambari. Mjomba alinionya nisihukumu kwa tone peke yake. Kilichotupa ushahidi ni chipu iliyokuwa kando, yenye alama ya LV. Game Boy Color huipa kaseti volti 5, na chipu ya LV imeandikiwa mwisho wa volti 3.6. Hapakuwa na kitu chochote cha kupunguza umeme. Gemu ilicheza, ndiyo, lakini chipu ilikuwa ikibebeshwa mzigo kuliko nguvu zake kila mara ilipowashwa.

Nilipoendelea kusoma nikajua kwamba ujanja huu si wa jana. Game Boy ya kwanza ina programu ndogo ya baiti 256 ambayo hukagua nembo iliyomo ndani ya kaseti kabla ya kuiruhusu icheze. Nembo hiyo ni baiti 48. Ikikosekana au ikiwa na kasoro, mtambo hugoma. Lakini mtambo huisoma nembo mara mbili: mara ya kwanza ili kuionyesha kwenye kioo, mara ya pili ili kuilinganisha na ile unayoijua. Kampuni ya Sachen ya Taiwan, iliyouza gemu bila idhini ya Nintendo, iliweka ndani ya kaseti zake chipu inayohesabu. Mara ya kwanza hutoa nembo yao wenyewe, nayo ikaonekana kwenye kioo. Mara ya pili hutoa ya Nintendo, na mlango ukafunguka. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu kitandani.

Kuna na kichekesho kingine. Baadhi ya watengenezaji hao wasio na idhini waliogopa kwamba nao wataigwa. Kwa hiyo waliweka kufuli zao ndani ya kaseti. Zipo chipu zinazozichanganya tarakimu za data zinapotoka, mpaka gemu iandike nambari fulani ya siri. Ukiinakili kaseti kama hiyo kwa njia ya kawaida unapata takataka tupu. Ndiyo maana hata leo kuna watu wanaozichunguza kaseti hizi moja moja ili wajue kila kufuli inavyofanya kazi, kabla bodi hazijaoza na siri hiyo kupotea.

Msomaji mpenzi, nikikueleza ukweli, moyo wangu ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja nilimchukia aliyeitengeneza kaseti ya mdogo wangu, kwa kuwa uongo wake ulimtia mtoto katika aibu asiyostahili. Upande mwingine nilimstaajabia. Kuichukua chipu ya simu, kuitafutia mkalimani, kuibadilisha programu ya watu ili ihifadhi mahali pengine, na yote hayo kuyaenezea ndani ya kikasha kidogo vile, si kazi ya mjinga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akili alikuwa nayo. Dhambi yake iko kwenye lebo. Laiti angaliandika ukweli, kwamba hii ni nakala, inatunza mchezo kwa betri, na betri ikiisha mchezo utapotea, dada angaliamua mwenyewe kununua au kutonunua, na Mama angalijua pa kuelekeza hasira yake.

Hapa kwetu Kenya tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Watu wengi wakiisikia hufikiria hasara ya makampuni makubwa. Mimi nimejifunza kufikiria pia hasara ya mtumiaji wa mwisho, yule asiyejua kitu, ambaye kifaa kikifa mkononi mwake huonekana ndiye aliyekiua. Mwanafunzi ambaye kikokotoo chake bandia kinamtolea jibu baya hulaumiwa kwa uvivu. Dereva aliyeuziwa breki bandia hulaumiwa kwa mwendo wa kasi. Bidhaa ghushi ina tabia hiyo mbaya ya kuhamisha lawama kutoka kwa aliyeitengeneza hadi kwa aliyeishika.

Kabla sijaiweka kalamu chini, nawaachia wenzangu mambo machache ya kukumbuka. Ukiuziwa kaseti ya zamani, itazame lebo penye mwanga na meno yake ya shaba, ingawa usiishie hapo. Ikilalamika siku ya kwanza kwamba betri imekwisha, uliza kama ina saa kweli. Muulize fundi akusomee nambari za chipu, kisha mzitafute pamoja. Ni elimu ya bure. Angalia betri inalisha nini. Na iwapo kaseti imeiga gemu iliyokuwa na kifaa maalum ndani yake, mathalani Boktai ya mwaka 2003 iliyokuwa na kihisi cha mwanga wa jua, hebu itoe nje juani uone kama itafahamu kwamba kumekucha.

Zaidi ya yote, kitu kikiharibika nyumbani mwenu, msikimbilie kumtazama mtoto. Chukueni bisibisi kwanza. Mdogo wangu sasa amefikisha miaka kumi na kitu, amefika kwa wale mabingwa wanne, na amewashinda watatu. Betri mpya tumeiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, ili tujue lini ya kuibadilisha. Jumamosi huenda Thika kumsaidia Mjomba kupanga skrubu, na ameanza kushika tena vitu vya watu bila woga.